Sura Isiyofunikwa

Februari 11, Jumanne
Daftari hili nimepewa na Bryson niandikie kazi: kitabu gani, ukurasa gani, umeme umekatika saa ngapi. Kurasa za mbele ni zake. Mimi nimeligeuza, naanzia nyuma, na huku ni kwangu peke yangu. Nyumbani kwetu kuna mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kusema yaliyo moyoni mwake, na mtu huyo ni mama mkwe wangu.

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye jengo la zamani la hospitali yetu ya misheni, kile chumba tulichodhani miaka yote ni stoo ya shuka, kumekutwa makabati manne ya vitabu vya udaktari. Waliviacha masista na madaktari wazungu. Vingine vina zaidi ya miaka mia moja. Kuna picha za matumbo zilizopakwa rangi kwa mkono, picha za macho yaliyooza, mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Kuna pia vitabu vya wodi na maboksi ya picha za wagonjwa wa hukuhuku kwetu. Chuo kimoja cha nje kimeleta kamera na taa, kikamtuma Bryson kutoka Dar es Salaam avipige picha vyote kabla mchwa hawajamaliza, viwekwe kwenye mtandao. Mimi nimekaa masjala ya hospitali hii miaka kumi na tisa na nasoma mwandiko wa mtu yeyote, hata wa daktari. Kwa hiyo nimeazimwa.

Februari 13
Mvua kidogo. Kurasa 140.

Februari 20, Alhamisi
Bryson ni kijana mwenye adabu za kuchosha. Shikamoo asubuhi, shikamoo tukitoka chai, kama vile chai imenizeesha. Lakini kazi anaijua. Kitabu hakifunguliwi chote, kinalazwa kwenye kitanda cha mbao chenye umbo la mabawa ili mgongo usivunjike. Hatuvai glavu, tunanawa na kukausha mikono, kwa sababu glavu inachana karatasi kavu. Pembeni tunaweka rula na kadi ya rangi. Anabonyeza, nafunua, anabonyeza.

Mama mkwe amesikia kwamba nashika picha za watu waliokufa. Jioni nilikuta beseni la maji limewekwa nje ya mlango. Alinyoosha kidole tu kwenye beseni. Nikanawa mbele ya binti yangu kama mtu aliyetoka kuchinja.

Machi 2, Jumapili
Wazazi wa Evarist wamekuja kutoka Nangwa. Yamekubaliwa. Binti yangu Marieta ataolewa Jumamosi ya tarehe 28 Juni, mavuno yakianza, watu wana chakula na hawana kisingizio. Evarist ni fundi seremala, ana maneno machache na kucha safi. Marieta alicheka siku nzima bila sababu. Ndiye mtoto wangu pekee na nina miaka arobaini na tisa, sitapata mwingine. Nikimwona amesimama kanisani na mume wake, hayo mengine niliyonyimwa nitayasamehe. Au nitajitahidi.

Mama mkwe ndiye aliyezungumza na wageni. Bibi Juliana wa Gehandu, miaka themanini, mgongo umenyooka, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa tangu sijaolewa. Baba yake Evarist alimsifu akasema hii ni nyumba safi, inajulikana. Akaitikia kwa kichwa kama anayepokea alichostahili. Mimi nilikuwa namwaga chai.

Machi 3
Nimelala vibaya kwa sababu ya neno lile, safi. Ngoja niandike, ili siku nikifa Marieta ajue.

Kwetu sisi Wairaqw, mwanamke akizaa mtoto mfu, nyumba inafungwa. Tunaita metimani. Huendi kisimani na wenzako, hupeani mkono na mtu, hujipakulii kwenye chungu cha wengine, huombi moto, huingii kwa jirani, mpaka wazee waseme imetosha. Wengi siku hizi wanafanya wiki chache kwa kuwaridhisha wazee. Mwaka 2003 mimi nilizaa mtoto mfu. Siku hiyohiyo mama mkwe alinitenga kwenye kibanda cha nyuma, na moto wangu, na sufuria yangu, na kikombe changu. Miezi tisa. Marieta alikuwa na miaka miwili na alikuwa analetwa mpaka kwenye ua, ananiona kwa mbali, analia, anarudishwa.

Mwezi wa tano wa kutengwa kwangu, mama yangu mzazi alifariki kwetu Getanuwas. Nilifunga kanga nikatoka. Mama mkwe alisimama njiani na fimbo. Aliniambia, "Uchafu wako usiupeleke kwenye kaburi la watu." Mume wangu Nikolausi alikuwa amesimama nyuma yake anaangalia viatu vyake. Mama alizikwa bila mimi. Ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, ningewahi.

Machi 7
Maharage yamepandwa. Mvua nzuri.

Machi 18, Jumanne
Leo sikula mchana.

Tumeanza maboksi ya picha. Kila picha imebandikwa kwenye kadi ngumu, chini yake daktari wa wakati huo ameandika kwa wino jina, umri, kijiji na ugonjwa. Namba 211 mzee mwenye tezi. 212 na 213 ni mkono wa mtu mmoja, kabla na baada. Namba 214 ni msichana amekaa kitandani na gauni la hospitali, tumbo kubwa, miguu imevimba mpaka vidole havionekani, ameshika kibao chenye namba. Sikio lake la kushoto limechanika chini. Anaangalia kamera kama anataka kuipiga.

Macho yale naamka nayo kila siku. Sikio lile ndilo linalotangulia mlangoni ninapokosea chumvi. Nilisoma kadi: Juliana Margwe, miaka 16, Gehandu, 1961. Kifafa cha mimba. Hajaolewa.

Kwetu hakuna linalozidi hilo. Mtoto mfu ni bahati mbaya. Zamani msichana aliyepata mimba bila ndoa alifukuzwa nje ya nchi yetu, akazalie kwa watu wengine, na akirudi, kama alirudi, ilikuwa ni miaka ya kutengwa na kusafishwa. Nyumba hii imesimuliwa mara mia kwamba Bibi alipokuwa msichana alikaa mwaka mmoja kwa masista akijifunza kushona. Kumbe alijifunza kushona.

Alirudi, akanyamaza, akaolewa na baba mkwe wangu kama msichana asiye na neno. Hakutengwa hata siku moja. Halafu akanitenga mimi miezi tisa.

Bryson aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni vumbi.

Machi 19
Sheria ya kazi Bryson amenieleza tangu siku ya kwanza. Mgonjwa anayeweza kuwa hai, au ambaye jamaa zake watamtambua, sura inafunikwa kwa kiboksi cheusi na jina linafutwa. Anayeamua ni mimi. Alisema, "Mama Marieta, mimi watu wa huku siwajui. Wewe ukisema funika, nafunika." Kwenye kompyuta kuna swali moja tu mwisho wa kila picha: sura ifunikwe? Ndiyo au hapana.

Namba 214 nimeiacha bila jibu. Nimesema mwandiko haujasomeka vizuri.

Machi 21
Bado.

Machi 25, Jumanne
Jana jioni mvua ilinikuta njiani, nikaingia ndani na matope. Mama mkwe alikuwa na wageni wawili wa jumuiya. Aliwaambia, mimi nikisikia, kwamba Mungu anajua kwa nini matumbo mengine yanafungwa baada ya mtoto mmoja. Mmoja wa wageni alicheka kidogo, akajifanya anakohoa.

Leo saa tatu asubuhi nimefungua namba 214 nikabonyeza hapana. Nikaandika kwenye kurasa za mbele kama ninavyoandika zote: 214, sura wazi, L. Ile L ni Lucia, ni mimi.

Nikaendelea na 215.

Aprili 3
Mvua kubwa. Barabara ya Katesh imekatika tangu jana, mkate hakuna. Mama mkwe ana kikohozi. Nimempikia uji, akasema umeungua. Haukuungua.

Aprili 10
Kurasa 60 tu. Umeme.

Aprili 22, Jumanne
Pasaka imepita. Kazi inakaribia kuisha, na Bryson anataka kufanya uzinduzi Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia. Ataonyesha picha ukutani kwa projekta. Amealika wazee waliowahi kutibiwa na madaktari wa zamani wakae mbele, na amenipa orodha ya picha arobaini alizochagua, nipitie, niseme kama kuna yenye tatizo.

Niliisoma nimesimama. Ya thelathini na moja ni 214. Ameichagua kwa sababu ni kali, haijafifia, na inaonyesha ugonjwa unaoua wanawake mpaka leo. Mimi nilidhani picha itakaa huko kwenye mtandao, ije ionwe na mjukuu wa mtu, taratibu, kama sumu ya panya. Sikufikiria ukuta.

Amesema nikimaliza niweke saini.

Aprili 25, Ijumaa
Mama mkwe amealikwa mbele. Bryson anamjua kama Mama Nikolausi tu, hajui jina lake la ubatizo wala la baba yake. Tangu juzi bibi anapiga pasi kitenge cha akina mama wa kanisa. Amemwagiza Marieta amkate kucha.

Marieta alimkata, akamwosha miguu, akampaka mafuta. Wanapendana hao wawili, sijawahi kuelewa. Nilikaa nje nachambua mboga nikiwa na orodha mfukoni mwa sweta. Nilikuwa na saa tatu nzima za kubadilisha mawazo. Mchana nikarudi kazini nikaweka saini.

Aprili 26, Jumamosi
Nitaandika yote kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi Bryson apaze sauti. Padri alifungua kwa sala. Wazee walikaa benchi la mbele, mama mkwe katikati, kulia kwake jirani yetu Veronica, wanachangia kikombe cha chai kwa sababu vikombe havikutosha. Mimi nilisimama pembeni kwenye swichi ya taa. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa.

Picha za vitabu ziliwafurahisha watu. Walipoona ramani ya mishipa ya damu, mzee mmoja alisema kumbe mtu ni mizizi mitupu. Zikaja picha za wagonjwa, sura zimefunikwa, nyingine wazi kwa wale tuliothibitisha hawana jamaa. Bryson alikuwa anasoma kadi, za Kiingereza anazitafsiri palepale.

Ya thelathini na moja ilitokea kubwa, urefu wa ukuta. Mama mkwe haoni mbali siku hizi. Alikunja macho, akainama mbele, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwangu:

"Ni mtoto wa nani huyu, maskini? Angalieni miguu yake."

Bryson alikuwa ameshaanza kusoma. Juliana Margwe. Miaka kumi na sita. Gehandu. Kifafa cha mimba, mwezi wa nane. Hajaolewa.

Alipomaliza, mvua ilikuwa imepungua, na hilo lilikuwa jambo baya. Wenye miaka chini ya hamsini walikuwa wanatafuta Juliana ni nani. Wenye zaidi walikuwa wanaangalia sikio. Bryson, maskini, alidhani hawajasikia vizuri, akarudia jina.

Veronica alikuwa na kikombe mkononi, anataka kunywa. Alikiangalia. Akakiweka chini sakafuni taratibu, mbali na mguu wake, akasogea. Yule wa upande wa pili akasogea naye. Wakafuata wengine bila kusimama, wakiburura makalio kwenye benchi, mpaka mama mkwe akabaki peke yake na nafasi ya watu wawili kila upande. Alikuwa bado anaangalia ukuta. Sasa alikuwa ameiona.

Nasema kweli kwa sababu hapa hakuna wa kunisikia: nilifurahi. Furaha ilipanda kutoka magotini. Nilimkumbuka mama yangu na fimbo ile, nikasema moyoni, kaa hapo. Kaa hapo uone benchi lilivyo refu.

Padri alisema tuwashe taa. Nilichelewa kidogo kuwasha.

Aprili 27
Bibi amelala ameelekea ukutani. Marieta peke yake ndiye anayeingia kwake.

Aprili 28, Jumatatu
Bryson amekuja nyumbani amelowa, akapiga magoti mlangoni kwa bibi kuomba radhi. Amesema kosa ni lake, angeuliza zaidi. Picha ameshaiondoa kwenye mtandao, lakini watu walipiga na simu zao, ipo kwenye makundi mpaka Nangwa. Tulipotoka aliniuliza kwa upole, "Mama Marieta, hukumtambua kweli?" Nikamwambia miaka sitini na minne ni mingi, nani atamtambua mtu. Akaniamini, au adabu zake zilimlazimisha kuniamini. Amesema ofisi yao imempa onyo. Nikampa pole.

Aprili 29, Jumanne
Theodory, baba mdogo wa mume wangu, mkubwa wa ukoo aliyebaki, amekuja na wazee wanne. Hawakuingia ndani wala hawakukubali viti vyetu, walisimama uani na miavuli. Theodory ni katekista mstaafu, amefundisha nusu ya kata hii ishara ya msalaba. Alisema yeye binafsi hana tatizo, lakini watu wameanza kuuliza. Yule ng'ombe aliyekufa mwaka juzi. Mahindi yaliyopigwa mvua ya mawe. Mtoto mfu wa Lucia. Wote sasa wanajua vilitoka wapi.

Nilikuwa nimesimama jikoni nasikiliza, na nilikuwa naitikia kwa kichwa. Hata lile la mtoto wangu niliitikia. Nikasubiri waseme bibi atatengwa wapi na kwa muda gani.

Akasema nyumba imefungwa. Nyumba yote, mpaka mavuno ya mwakani. Kwa sababu mwanamke huyu hakuwahi kusafishwa, na chungu chake ndicho kilicholisha kila aliyezaliwa na kila aliyeolewa hapa. Nikolausi amekula. Mimi nimekula. Marieta amekula tangu anaota meno.

Nilizaliwa kwenye mila hii, nililia nayo miezi tisa, na nilisahau inavyotembea. Mwaka ule nilipotengwa mimi, moto wangu uliwekwa mbali siku ileile, kwa hiyo wengine walibaki salama. Ndiyo maana mama mkwe alikuwa na haraka. Yeye hakuna aliyemwekea moto mbali. Kila ugali wa nyumba hii umepita mkononi mwake kwa miaka sitini. Nilihesabu kila kitu isipokuwa chungu.

Mei 5
Palizi ya mahindi. Mwaka jana walikuja watu kumi na wanane kutusaidia, tukapika togwa. Leo tulikuwa mimi, Nikolausi na Marieta.

Mei 6
Hakuna aliyekuja.

Mei 11, Jumapili
Padri amehubiri kwamba mambo ya kutengana ni upagani, na atakayemkataa mwenzake asije kupokea komunyo. Watu wakasema amina. Kwenye kupeana mkono wa amani, kila mtu alikuwa na shughuli na kitabu chake cha nyimbo. Benchi letu tulikaa watatu tu.

Mei 18, Jumapili
Baba yake Evarist amepiga simu, hakuja. Alizungumza na Nikolausi kwa heshima sana. Alisema hawakatai, wanasogeza. Mpaka mwakani, baada ya nyumba kufunguliwa. Halafu akaongeza kwamba kijana naye ana umri wake, hawezi kukaa bila mke, kwa hiyo Marieta asijione amefungwa na ahadi. Nikolausi alimshukuru. Mume wangu angemshukuru hata anayemkata kichwa.

Marieta alisikia yote. Aliingia kwa bibi yake akalaza kichwa mapajani kwake. Si kwangu, kwa bibi yake. Nilimpelekea chai, akasema iweke hapo.

Mei 24
Baridi imeanza. Vitabu vimeisha, Bryson anafunga kamera kwenye masanduku. Ameniachia daftari hili, na nakala ya kila kitu kwenye kompyuta ya masjala, na vitabu vya wodi nimevipanga mwenyewe kabatini.

Mei 30, Ijumaa
Bibi amekonda. Anakula nusu ya ninachompelekea. Leo alinizuia nisiondoke, akaniuliza kama ile picha ningeweza kuifunika.

Nikasema ndiyo.

Halafu akasema, "Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa maelekezo ya njia. Nilitaka anitukane, ningejua pa kushika.

Baadaye akasema ana jambo moja la kuuliza. Mwaka ule alipata degedege, akazimia. Alipoamka tumbo lilikuwa limekwisha. Baba yake alimwambia kitu kile kimekwenda, akakataza asiulize, naye hakuuliza. Lakini kwa kuwa sasa kila mtu anajua, na mimi ndiye ninayesoma vitabu vile, angependa kujua kama wameandika alikuwa wa kike au wa kiume. Hilo tu.

Nimemwambia nitaangalia. Nimeandika hapa nisisahau, ingawa sitasahau.

Juni 4, Jumatano
Nimekipata kitabu cha wodi ya wazazi cha 1961. Nimekisoma mara mbili. Nimekaa pale mpaka msafishaji akaniomba ninyanyue miguu.

Kesho nitamwambia. Sijui nitaanzaje. Namchukia bado, sidanganyi, lakini kuna mambo ambayo mtu hastahili kufa bila kuyajua.

Juni 5
Alikuwa amelala nilipofika. Sikumwamsha. Nimenunua sukari, kesho nitamchemshia maziwa na kumweleza vizuri.

Juni 6
Theodory amekuja kudai jembe lake. Siku imeharibika. Kesho.

Juni 7, Jumamosi
Marieta ameondoka.

Nilikuwa nimeacha daftari hili juu ya meza ya jikoni. Huku nyuma hakusoma, ameniapia na namwamini, kwa sababu angesema zaidi. Alisoma za mbele, zile za kazi. Alikuwa anatafuta tu karatasi tupu ya kumwandikia Evarist. Akakuta 214, sura wazi, L.

Aliniuliza L ni nani. Sikujibu haraka, na kwa mtoto niliyemzaa hilo lilitosha. Nikaanza kumweleza habari za 2003, kibanda, mama yangu, fimbo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kama mtu aliyeko hospitalini anasubiri kuitwa. Halafu akasema:

"Bibi aliniambia yote hayo nikiwa darasa la sita. Alisema alikukosea na hajui namna ya kulisema. Mama, ungeniuliza mimi."

Alifunga nguo kwenye shangazi kaja. Amekwenda Babati kwa rafiki yake mwenye cherehani. Aliingia kwa bibi, wakakaa kama nusu saa mlango umefungwa, akatoka macho yamevimba. Kwangu alisema shikamoo. Hakuna mtoto anayemwamkia mama yake shikamoo akiwa anaondoka, hiyo ni salamu ya kukutana, si ya kuagana. Nilimfuata mpaka barabarani. Hakugeuka.

Juni 8, Jumapili
Leo hatukwenda kanisani. Nikolausi amekwenda kuangalia mbaazi na hajarudi.

Nilimpelekea bibi uji saa nne. Alikuwa amejiinua mwenyewe, amefunga kilemba, amekaa. Nadhani alikuwa amenisubiri siku zote hizi na alikuwa anaona aibu kukumbusha. Aliniuliza kama nimepata nafasi ya kuangalia kile kitabu.

Nilimtazama. Nilikuwa nafikiria nusu saa ile ya jana, mlango umefungwa. Aliagwa yeye, si mimi.

"Hawakuandika, Mama," nikasema.

Akasema haya, basi. Akanishukuru kwa kuangalia. Akaniomba nimsogezee uji kwa sababu mkono haufiki, akanywa kidogo, akasema leo umeiva vizuri.

Waliandika. Ukurasa wa 88, mwandiko wa sista, mzuri, unasomeka. Mtoto wa kike, hai, kilo moja na gramu mia tisa. Amebatizwa Mectilda. Siku ya kwanza anapewa maziwa kwa kijiko. Siku ya nne analia vizuri. Siku ya sita mama yuko macho, anauliza mtoto kwa ishara, baba wa mgonjwa amekataza asionyeshwe. Siku ya tisa ameongezeka gramu thelathini. Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, amefariki. Amezikwa nyuma ya jiko la hospitali, mstari wa pili, wa tatu kutoka kwenye ukuta.

Ni pale wanapoanika shuka. Napita hapo kila asubuhi nikienda masjala.